Nilivyopunguza mwangwi wa paa kwenye antena yangu ya GPS

Antena yangu ya kwanza ilikuwa kigae kidogo cha kauri juu ya bamba la alumini, nikaifunga kwenye mlingoti wa mita moja na nusu juu ya paa la mabati. Nilibana kila skrubu. Antena haikusogea hata chembe, lakini kwenye rekodi za risiva, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya antena na kukokotoa mahali ilipo, mahali pake palikuwa pakiyumba, panatulia, kisha panayumba tena.

Nilishuku risiva, nikabadili na kebo. Haikusaidia. Jibu nililipata nilipoweka rekodi za siku tatu moja juu ya nyingine: myumbo ulikuwa ule ule, ila kila siku ulitangulia kwa takriban dakika 4. Setilaiti za GPS huzunguka dunia mara mbili katika saa 23 na dakika 56, kwa hiyo mpangilio wake angani hujirudia mapema kidogo kila siku. Kebo mbovu haifuati ratiba hiyo. Mwangwi huifuata: wimbi moja linafika moja kwa moja, jingine linadunda mahali na kufika limechelewa, na yote mawili yanachanganyika ndani ya antena.

Limedunda wapi? Nikachagua setilaiti moja iliyokuwa ikipanda, nikachora nguvu ya wimbi lake kadiri pembe yake juu ya upeo wa macho ilivyoongezeka. Ulitoka mstari wa matuta. Kati ya nyuzi 5 na 30 nilihesabu matuta sita na nusu hivi. Wimbi lililodunda chini husafiri njia ya ziada iliyo sawa na kimo cha antena mara mbili, mara saini (sine) ya pembe, na kila njia hiyo inapobadilika kwa urefu wa wimbi mmoja, tuta moja hutokea. Masafa ya L1, wimbi la GPS ambalo antena yangu hupokea, ni megahezi 1575.42, na urefu wa wimbi ni kama sentimita 19. Nikapiga hesabu, nikapata mita 1.5. Ndicho kimo cha mlingoti wangu! Siku hiyo nilijua kwa hakika kwamba napigana na bati lililo chini ya antena.

Wimbi la GPS huja likizunguka kulia, na likidunda kwenye bati hugeuka likazunguka kushoto. Antena bapa kama yangu hulikataa wimbi la kushoto kwa upande wa juu, lakini upande wake wa nyuma hulipokea vizuri. Bamba pana zaidi lilisaidia kidogo tu, kwa sababu mawimbi hutambaa juu ya bamba na kuzunguka ukingo wake.

Hapo nikaamua kutengeneza pete za kunyonga mawimbi: kuta za duara, moja ndani ya nyingine, zenye mifereji katikati. Nilikata vipande vya alumini vya kimo cha sentimita 4.5, kwa kuwa karatasi niliyokuwa nayo iliruhusu hivyo. Matokeo yakawa mabaya kuliko bila pete. Kosa lilikuwa kimo. Robo ya wimbi la L1 ni karibu sentimita 4.8, mfereji usiofika hapo hulibeba wimbi linalotambaa badala ya kulizuia. Lazima uvuke robo kidogo. Nikarudia kwa sentimita 5.2, nikakwangua rangi yote mahali pete zinapogusa bamba, nikaongeza skrubu. Pete isiyogusana vizuri na bamba ni pambo tu. Kigae nacho nilikiinua hadi usawa wa midomo ya pete, maana nilipokiacha chini shimoni kilipoteza setilaiti nyingi.

Matuta yalilala. Hayakufutika kabisa, lakini juu ya nyuzi 15 mstari ulikuwa karibu laini, na myumbo ule wa kutangulia dakika 4 kila siku nikawa nautafuta kwa shida. Setilaiti zilizo karibu na upeo wa macho sasa zinasikika hafifu zaidi, na hilo nimelikubali kwa moyo mmoja. Hizo ndizo zilizokuwa zikileta mwangwi mwingi, nami nimeiambia risiva izipuuze.

Kilichobaki ni ukuta mrefu upande wa magharibi. Mwangwi wake unatoka juu ya usawa wa antena, na pete hazina la kufanya hapo. Nimeshapima upande wa pili wa paa. Mlingoti nauhamishia huko.