Asubuhi niliyomwaga mchuzi

Tarehe 16 Februari 2018 ilikuwa Ijumaa, sikukuu ya Seollal, mwaka mpya wa Wakorea kwa kalenda ya mwezi. Mtaa wa Sinchon, ambao siku zote hujaa wanafunzi mpaka usiku wa manane, ulikuwa mtupu. Kantini ya chuo ilifungwa, na vibanda vya vitafunwa vilishusha mapazia. Nusu ya Seoul ilikuwa imeenda kwao, kama Dar inavyohamia Moshi kila Desemba. Mimi niliyetoka Moshi nilibaki kwenye goshiwon.

Goshiwon ni nyumba ya vyumba vidogo vidogo. Zamani walijifungia humo waliokuwa wakisomea mitihani ya serikali. Siku hizi anakaa yeyote mwenye fedha kidogo. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na nafasi ya mtu mmoja kusimama. Ila jikoni, kama ilivyo kwenye goshiwon nyingi, kulikuwa na vitu vitatu ambavyo mpangaji halipii: wali kwenye jiko la umeme lisilozimwa, kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) kwenye friji, na boksi la ramyeon, tambi za paketi za Kikorea. Boksi letu lilikuwa la Shin Ramyun, paketi nyekundu yenye herufi nyeusi kubwa ya Kichina inayosomeka "shin", maana yake ni ukali wa pilipili.

Asubuhi ile nilitamani chakula cha nyumbani. Nikapika kama mama anavyopika Indomie (jina tunaloziitia zote, hata zisipokuwa Indomie). Nilikaanga kitunguu, nikaongeza nyanya na karoti. Tambi nikazichemsha pembeni kwenye maji mengi, kisha nikasimama kwenye sinki na kumwaga maji yote. Nusu ya ule unga mwekundu wa viungo nilikuwa nimeshautia humo, ukaenda na maji.

Nyuma yangu mtu akapiga ukelele mdogo. Alikuwa imo.

Imo kwa Kikorea ni dada yake mama. Kiswahili kinamwita mama mkubwa au mama mdogo, na labda ndiyo sababu neno hilo lilinikaa mdomoni upesi kuliko mengine. Wapangaji wote tulimwita hivyo yule mama mwenye nyumba. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na mimi aliniita haksaeng, mwanafunzi. Akaja mpaka kwenye sinki, akachungulia bomba la maji machafu, akaniuliza polepole ili nielewe: "Haksaeng, mchuzi uko wapi?"

Nikamwambia nimeumwaga. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akanikalisha, akatoa kabatini sufuria ya njano, nyembamba, ya alumini, iliyobonyea pande mbili.

Paketi mbili. Maji alipima kwa vikombe vya karatasi, vile vya kahawa ya mashine: vitatu kwa kila paketi. Baadaye nilisoma nyuma ya paketi, wameandika mililita 550, na vikombe vyake havikuwa mbali na hapo. Unga wa viungo alitia kwanza, kabla ya tambi, akasema tambi lazima ziingie kwenye maji yenye ladha, zisingoje kupakwa ladha baadaye. Wakorea wengine wanabishana naye juu ya hili, nimewasikia. Mimi niko upande wake.

Zilipoanza kulainika alizinyanyua juu kwa vijiti, akaziacha zipigwe na hewa, akazirudisha, akazinyanyua tena. Zinapopigwa na baridi kidogo hivyo zinabaki na ukakamavu, hazilegei kama uji. Paketi inasema dakika nne na nusu. Imo hakutazama saa, na hakuzifikisha nne. Mayai mawili aliyapasulia juu mwishoni bila kukoroga, maana yai lililokorogwa linauchafua mchuzi. Majani ya vitunguu aliyakata kwa mkasi palepale juu ya mvuke.

Kisha akatoa kwenye mfuko vipande vyeupe vya mviringo mrefu, tteok, keki za mchele zilizolowekwa tangu usiku. Siku ya Seollal Wakorea wengi hula tteokguk, supu ya keki hizo, na husemwa kwamba ukishaimaliza bakuli yako umeongeza mwaka mmoja wa umri. Imo hakuwa amepika tteokguk mwaka ule. "Leo tutakulia mwaka humu humu," akasema, akavitumbukiza kwenye ramyeon.

Tulikula kutoka sufuria moja. Mfuniko wa sufuria alinipa mimi uwe sahani, nipoozee tambi, na akanionyesha namna ya kuzifunga tambi ndani ya jani la kimchi kwa vijiti. Televisheni ndogo juu ya friji ilikuwa inaonyesha Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, mchezo wa skeletoni: mtu analala kifudifudi kwenye kigari cha barafu, kichwa mbele, anateremka mfereji kwa kasi ya gari la barabara kuu. Akapita Akwasi Frimpong wa Ghana. Imo akanielekezea kijiti: "Wa kwenu?" Nikamwambia Ghana ni mbali sana na Tanzania, lakini ndiyo, wa kwetu. Akampigia makofi. Frimpong alimaliza wa mwisho kati ya watu thelathini, na imo akampigia tena.

Hapo ndipo aliponieleza kwa nini alipiga ukelele. Ramyeon ya kwanza ya Korea ilitoka kwenye kampuni ya Samyang Septemba 1963, won 10 kwa paketi, na yeye alikuwa na miaka kumi, kijijini huko kusini, Jeolla. Mchele ulikuwa haba, serikali inahimiza watu wale ngano. Baba yake alirudi siku moja na paketi moja. Watoto walikuwa sita. Mama yao akaichanganya na somyeon, tambi nyeupe za bei rahisi, ili itoshe. Zile za kujikunja, za ramyeon yenyewe, alipewa baba, na kaka mkubwa akapata kidogo. Waliobaki walipata nyeupe.

"Lakini mchuzi," imo akasema, "mchuzi mama aliugawa sawa."

Nikaangalia sinki. Sikuwa na Kikorea cha kutosha cha kusema nilichotaka kusema, na hata Kiswahili sidhani kama ningekipata. Nilisema samahani. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi, akaniongezea tteok.

Tangu siku hiyo nimepika ramyeon nyingi. Neoguri naipenda kwa sababu ya kile kipande cha mwani kinene kinachokuja ndani ya paketi na kuupa mchuzi harufu ya bahari. Chapaghetti ndiyo pekee ambayo maji yake nayamwaga, tena maelekezo yake yenyewe yanasema ubakize vijiko vinane hivi vya maji hayo. Na nikiwa Moshi bado nakaanga kitunguu na nyanya, ila sasa maji nayatia juu ya hivyo hivyo, na yanabaki.

Karibu na saa sita Yun Sung-bin, kijana wa Kikorea aliyevaa kofia yenye sura ya Iron Man, aliteremka mara ya mwisho na kuchukua dhahabu. Baada ya hapo akapiga magoti mbele ya watazamaji, akainama mpaka chini, kama watoto wanavyowainamia wazee siku ya Seollal. Imo alifuta macho kwa kiganja.

Nikamwambia kwetu hatuinami hivyo, tunasema shikamoo, na mzee anajibu marahaba. Akataka nimwamkie. Nikaweka vijiti chini, nikasema, "Shikamoo, imo." Ilimchukua mara tatu kulipata jibu.

Halafu akaisukuma sufuria upande wangu. Ndani kulikuwa kumebaki mchuzi mwekundu, nusu ya sufuria, na majani machache ya vitunguu.

"Lete wali," akasema. Nikainuka kwenda kuchota.