Wiki Niliyokaa Bila Kulowesha Mgongo

Juzi mwanangu aliniletea puto nimpulizie. Lilikuwa jipya, bado lina ungaunga, na harufu ya mpira ikanifikia kabla sijaligusa. Nikamwambia ampelekee baba yake. Akauliza, "Mama, kwani puto linauma?"

Nikamjibu ndiyo, halafu nikabaki nimesimama jikoni.

Nilikumbuka Leeds, Uingereza, Februari moja, mikono yangu imechanika hata kushika kalamu ni kazi. Nilikuwa nahudumia wazee, navaa glavu na kuvua kutwa nzima. Nililaumu sabuni, nikalaumu baridi, na kadiri vidole vilivyozidi kuwasha ndivyo nilivyozidi kuvikinga kwa glavu. Mama, kwa simu kutoka Muheza, alisema labda ni ule utomvu wa miti ya mpira ya shamba la Kihuhwi tuliouchezea utotoni, umeamka.

Jumatatu, ili kujua ngozi yangu inakataa nini, muuguzi alinibandika mgongoni plasta zenye visahani vidogo, kila kimoja na kemikali yake iliyochanganywa na vaselini, akaweka alama kwa kalamu. Saa 48 bila kuzibandua, na wiki nzima mgongo usiguse maji wala jasho. Jumatano akazitoa. Ijumaa nikarudi kusomwa.

Daktari hakutazama tu, alipapasa. Kidole chake kilishuka taratibu, safu kwa safu, na kote ngozi ilikuwa laini. Nikaanza kuogopa kwamba hataona kitu, kwamba nitarudi kazini na mikono ileile na sina la kusema. Karibu na bega la kushoto kidole kikasimama. Kikarudi juu, kikapita tena polepole. "Thiuramu," alimwambia muuguzi, "alama mbili za kujumlisha." Kisha, chini kidogo: "Karba, moja." Alama zikizidi, ngozi imekataa zaidi.

Waliniletea kioo. Niliona duara jekundu kama kifungo cha shati, limetuna, lina vilengelenge. Machozi yalinitoka. Miaka miwili ya mateso ilikuwa imepata jina.

Kipimo cha utomvu wenyewe, kile cha kuchoma ngozi ya mkono na kusubiri dakika 15, kilitoka safi. Miti ya mpira ya kwetu haikuwa na kosa. Mpira mbichi ni dhaifu na unanata. Salfa na joto ndivyo vinavyouimarisha, na ili kazi iende haraka viwandani hutiwa kemikali za thiuramu na karbamati, ile karba ya daktari. Mabaki yake hukaa ndani ya glavu, jasho likayatoa. Na mwili haujibu papo hapo, huchukua siku moja, mbili. Ndiyo maana mikono yangu ilivimba siku za mapumziko, nikaamini kazi haihusiki.

Nilipewa orodha ya vya kuepuka, nikapata glavu za plastiki, na kufikia Aprili vidole vilikuwa vimepona. Hayo yalienda upesi.

Lisiloenda ni dada mmoja Mzimbabwe niliyefanya naye kazi, mwenye mikono kama yangu. Aliacha kazi Desemba, miezi miwili kabla ya kipimo changu. Alipokuwa akilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mimi ndiye niliyemshauri avae glavu mbilimbili. Ijumaa ile jioni, plasta zimeacha mistari mgongoni, nilimpigia simu. Namba ilikuwa haipatikani.