Nilivyozipanga moduli za sauti, kwaya ikinisubiri mlangoni

Nina chumba cha kurekodia Mabatini, hapa Mwanza. Wateja wangu wengi ni kwaya: za Igoma, za Buhongwa, na mara mojamoja kikundi kinachovuka na kivuko cha Kamanga kutoka upande wa Sengerema. Natumia Linux kwenye laptopu ya mtumba, na maikrofoni zote zinapita kwenye kadi ya sauti ya nje, ya USB.

Waimbaji walikuwa wanajisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa kidogo, na mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa hupoteza pigo. Nikaamua kujenga keneli yangu mwenyewe, yaani kiini cha Linux kinachoendesha mashine, yenye mipangilio ya kupunguza ucheleweshaji huo. Keneli ya kawaida huja na maelfu ya moduli, vipande vya programu vinavyopakiwa ndani yake vinapohitajika, ambazo laptopu yangu haitazitumia kamwe, kwa hiyo Ijumaa usiku nikaanza na `make localmodconfig`. Amri hiyo huangalia moduli zilizopakiwa muda huo, ikaziacha hizo, nyingine ikaziondoa kwenye orodha ya kujengwa. Nikalala mashine ikiendelea kujenga.

Kadi ya USB ilikuwa kwenye mkoba wake. Haikuwa imechomekwa. Kwa hiyo `snd_usb_audio`, moduli ya kadi za sauti za USB, haikuwa imepakiwa, na kwa localmodconfig kitu kisichopakiwa hakihitajiki.

Jumamosi asubuhi nikachomeka kadi, taa yake ikawaka, lakini `/proc/asound/cards`, orodha ya kadi za sauti, ikaonyesha kadi ya ndani ya laptopu peke yake. Keneli ya zamani nilikuwa nimeshaiondoa kwenye `/boot`, folda la keneli za kuwashia mashine, maana nafasi ilijaa. Lilibaki folda la moduli zake tu. Kwaya ilikuwa inakuja saa nane mchana.

Nikachukua `snd-usb-audio.ko` ya zamani nikajaribu kuipakia kwenye keneli mpya. Ikakataliwa papo hapo. Kila moduli hubeba ndani yake alama ya toleo la keneli iliyojengwa nayo, na alama zisipolingana mlango haufunguki. Ninashukuru ukali huo upo, kwa sababu moduli ya keneli nyingine inaweza kuangusha mashine nzima. Kipo kigezo cha kulazimisha. Sijawahi kukitumia na sikushauri.

Nikarudi kwenye usanidi kupitia `menuconfig`, menyu ya kuchagua vya kujengwa, nikaweka alama ya M (kijengwe kama moduli) kwenye sauti ya USB. Mfumo wa usanidi ukanichagulia wenyewe `snd-hwdep` na `snd-rawmidi`, kwa kuwa draiva hiyo, yaani moduli ya kuendesha kadi, haijengeki bila hizo. `make modules` ikamaliza baada ya muda mfupi. Nikaingia folda la `sound/usb`, nikatumia `insmod`, amri ya kupakia moduli, kwenye faili jipya kabisa, la keneli ileile. Likakataa tena. Safari hii `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa keneli, ilikuwa na mistari kadhaa ikilalamikia majina isiyoyajua, na mojawapo lilikuwa `snd_usbmidi_disconnect`.

Jina hilo ndilo lililonifungua macho. Moduli haijitoshelezi: inaita kazi (functions) zilizoandikwa ndani ya moduli nyingine, na wakati wa kupakiwa keneli hutafuta kila jina linaloitwa. Likikosekana moja tu, moduli nzima inatolewa nje. Nikaendesha `modinfo -F depends`, inayoonyesha moduli inategemea zipi, na kufuata uzi. `snd-usb-audio` inataka `snd-usbmidi-lib`. Hiyo nayo inataka `snd-rawmidi`. Na `snd-rawmidi`, kwenye keneli yangu, inataka `snd-seq-device`. Na zote hizo zinasimama juu ya `snd`. Ukianzia juu kwa `insmod`, unagonga ukuta kila hatua, kwa sababu `insmod` hupakia faili ulilolitaja na si jingine lolote.

Kumbe kazi ya kukumbuka mpangilio huo si yangu. Niliendesha `make modules_install`, ambayo mwishoni huita `depmod`. Huyo `depmod` husoma kila moduli inatoa majina gani na inadai yapi, kisha huandika moduli ipi inahitaji ipi kwenye `modules.dep` ndani ya `/lib/modules`. Baada ya hapo `modprobe snd-usb-audio`, inayosoma faili hilo, ikapakia mnyororo mzima, kuanzia chini kwenda juu, kwa mara moja.

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na vijana wake.

“Fundi, tuingie au bado?”

“Ingieni, mwalimu. Karibuni sana.”

Kadi ya USB ilikuja kama namba 1 badala ya 0, nikaichagua kwa mkono, tukarekodi.

Jumatatu nikairudia ile namba kwa utulivu. Ndani ya `/etc/modprobe.d` niliandika `options snd slots=snd-usb-audio,snd-hda-intel`, yaani nafasi ya kwanza iwe ya USB, ya pili ya kadi ya ndani. Kigezo hicho ni cha `snd` yenyewe, ile iliyo chini ya hizo zote, na husomwa inapopakiwa; kwa hiyo ilibidi niitoe kwanza, na huwezi kuitoa ikiwa imebebeshwa nyingine. Nenda Mwaloni, Kirumba, uwaangalie wapagazi wakishusha magunia ya dagaa kwenye lori: hakuna anayevuta gunia la chini. `lsmod` inakuonyesha nani yuko juu ya nani. Safu ya mwisho ina idadi ya watumiaji, ikifuatiwa na majina ya moduli. Ukiona idadi ni 2 na hakuna jina hata moja, mara nyingi wanaoishikilia si moduli, ni programu. Kwangu ilikuwa PipeWire, programu inayosimamia sauti, na `fuser -v /dev/snd/*` ikanithibitishia. Nikaizima pamoja na soketi yake, isije ikajiamsha.

`modprobe -r` ikaziondoa nyingi, lakini `snd_hda_codec_realtek`, ya chipu ya sauti ya laptopu, ikabaki. Hii ilinichukua muda kuielewa. Ndani ya `snd_hda_intel`, moduli ya kadi ya ndani, jina lake halitajwi popote. Keneli huiomba baadaye, ikishatambua chipu iliyo kwenye bodi. Utegemezi wa namna hiyo hauonekani kwenye `modules.dep`, na nikaiondoa peke yake. Baada ya hapo `snd` ikatoka bila ubishi, nikapakia upya, na USB ikakaa namba 0.

Siku hizi, kabla ya kujenga keneli, nachomeka kila kitu: kadi ya sauti, kinanda cha MIDI, hata flashi. Halafu nahifadhi matokeo ya `lsmod` kwenye faili, na nikianza kujenga naandika `make LSMOD=` pamoja na njia ya faili hilo, kisha `localmodconfig`. Faili lenyewe lipo kwenye folda la kazi za kwaya, na kila nikipata kifaa kipya nalifanya upya.