Ninavyopima mwendo wa nyonga kwa vihisi vya kubandika ngozini

Kihisi hufuata ngozi, wakati kinachotakiwa ni mfupa ulio chini yake. Katikati kuna mafuta na misuli inayotikisika. Kwa hiyo sihangaiki sana na kifaa chenyewe: chochote chenye jairoskopu (kipima kasi ya kuzunguka) na kipima mchapuko (mabadiliko ya mwendo), chepesi, chenye uwezo wa kurekodi mara 100 kwa sekunde, kinatosha. Kazi iko kwenye kubandika na kulinganisha.

Nabandika viwili. Kimoja nyuma, katikati ya vile vishimo viwili vya juu ya matako, ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Kikipanda hadi kiunoni, kinafuata uti wa mgongo, na mtu akiinama, mkunjo wa mgongo unahesabiwa kuwa wa nyonga. Cha pili kinakaa upande wa nje wa paja, juu ya goti kwa upana wa kiganja hivi. Mbele ya paja sipagusi, maana misuli ikikaza huvimba na kuinamisha kihisi. Karibu kabisa na goti napo hapafai, ngozi huvutwa kila goti linapokunjwa.

Nanyoa, nafuta kwa spiriti, nasubiri pakauke, kisha utepe wa kunata pande mbili na bendeji ya kuvutika juu yake. Halafu nakigonga kwa kidole huku nikitazama mchoro kwenye skrini. Mchoro ukiendelea kutetemeka baada ya pigo, kisigino kikigonga sakafu utatetemeka hivyo hivyo; naongeza utepe.

Vihisi vikishapata joto, mtu anasimama wima bila kutikisika kwa sekunde 10. Wastani wa jairoskopu katika muda huo ndio kosa lake la msingi. Nautoa kwenye data yote. Usidharau: nyuzi 0.1 tu kwa sekunde, ndani ya dakika moja ni nyuzi 6. Kusimama huko pia kunanipa mwelekeo wa wima, na ndiyo sifuri yangu. Asiyeweza kunyoosha nyonga, mkunjo wake wa kusimama naupima kwa goniometa (rula ya kupimia pembe za viungo) na kuujumlisha.

Kisha anabembeza mguu mbele na nyuma mara kama 10, goti limenyooka, vidole vya mguu vikitazama mbele. Mhimili ambao mzunguko mwingi umetokea kuuzunguka nauchukua kuwa mhimili wa kukunja. Kwa kihisi cha nyuma, anainama na kuinuka mara kadhaa. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibikia. Mhimili ukipinda nyuzi 10, mkunjo wa nyuzi 40 unazaa karibu nyuzi 7 za uongo za kutanua mguu, na kutanuka halisi kwa mtu anayetembea ni kadiri hiyo hiyo! Grafu inapendeza, lakini haina maana.

Kipima usumaku nakizima ndani ya nyumba, kwa sababu chuma cha sakafuni hukipotosha. Saa za vihisi nazilinganisha kwa kuvigonga pamoja kabla ya kuvibandika: paja likienda nyuzi 150 kwa sekunde, kuchelewa milisekunde 20 ni kosa la nyuzi 3. Data ya kutembea naipitisha kwenye kichujio cha Butterworth cha hertzi 6, yaani hesabu ya kuondoa mitetemo ya haraka, kwenda na kurudi ili isichelewe. Mwishoni mtu anasimama tena kama mwanzo. Sifuri ikiwa imehama zaidi ya nyuzi 3, narudia.

Mtu mzima mwenye afya akitembea kawaida, natarajia mkunjo wa karibu nyuzi 30 mbele na 10 nyuma. Namba hizo naziamini. Za paja kuzunguka ndani na nje siziamini, kwani mfupa unazunguka na ngozi inabaki nyuma, hivyo kipimo hutoka kidogo kuliko ukweli. Kuona imebaki kiasi gani, namketisha mtu goti likiwa nyuzi 90, miguu ikining'inia, naupeleka mguu wa chini nje na ndani taratibu, kisha nalinganisha pembe yake na ile inayosomwa na kihisi cha paja.