Kumbukumbu ya mradi: mihogo ya Mwakirunge na virusi vya michirizi ya kahawia

Mei

Masika yameshika na matuta yote yamechipua. Upande wa juu wa shamba nimepanda Kibandameno, muhogo mtamu unaopendwa sana hapa pwani lakini usiohimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Upande wa bondeni nimepanda Kaleso, aina inayouhimili. Ninataka kufuatilia, msimu baada ya msimu, ni kiasi gani cha ugonjwa kinaingia shambani kwa kubebwa na nzi weupe, na ni kiasi gani ninakipanda mwenyewe ndani ya vijiti.

Kaleso nimeichagua kwa sababu ya asili yake. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey katika kituo cha Amani, Usambara, na ni katika kituo hichohicho watafiti walipouzalisha muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii. Mmoja wa uzao huo, wenye namba 46106/27, ndio tunaouita Kaleso, na ndugu zetu wa Tanzania wanauita Namikonga. Vipimo vya jeni vimethibitisha kwamba ni mti uleule. Umenakiliwa kwa vijiti kwa miongo mingi ilhali virusi vinavyoushambulia havijaacha kubadilika.

Julai

Majani ya chini ya Kibandameno yameanza kuonyesha umanjano unaofuata vishipa vidogo, mfano wa unyoya, huku majani ya juu yakiwa ya kijani safi. Ninapoyageuza majani matano ya juu, kama wafanyavyo watafiti, nzi weupe huruka kama vumbi la unga. Kwenye Kaleso nzi wapo pia, ila dalili ni chache.

Hapa ndipo penye kiini cha mradi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Virusi hivi hubeba urithi wao katika uzi mmoja wa RNA wenye herufi takriban 9,000, na kimeng'enya kinachounakili hakihakiki kazi yake. Kwa hiyo makosa huzaliwa kila mara, na ndani ya mti mmoja hukaa umati wa virusi vinavyokaribiana bila kulingana kabisa. Spishi zenyewe ni mbili, ziitwazo kwa vifupisho vya Kiingereza CBSV na UCBSV, zinazolingana kwa takriban asilimia 70 ya herufi zao, na uchunguzi wa jenomu (urithi wote wa virusi) uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba CBSV hubadilika kwa kasi zaidi. Nzi mweupe anaponyonya, huchukua sehemu ndogo tu ya umati huo na hawezi kukaa nayo siku nyingi. Aina nyingi hupotea njiani kwa bahati tu, hata zile zilizo imara. Kijiti, kinyume chake, kinaweza kubeba umati mkubwa zaidi, na mtu anaweza kukivusha kwa feri ya Likoni au kukipakia kwenye basi la Malindi siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu, anayekutanisha jamii za virusi zilizokuwa mbalimbali ni binadamu kuliko mdudu. Makutano hayo si jambo dogo: katika batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, virusi vya aina mbili vilivyokutana ndani ya muhogo vilibadilishana vipande vya urithi, na chotara wao alihusishwa na janga lililoangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990.

Septemba

Jirani yangu, mzee aliyelima muhogo maisha yake yote, amevuna shina alilolitunza tangu mwaka jana. Lilikuwa refu, lenye majani mazuri. Alipoukata mzizi kwa upana, nyama nyeupe ilikuwa na madoa makavu ya kahawia, magumu kama gamba, yaliyosambaa hadi karibu na ganda.

"Mwanangu, huu ndio niliokusudia kuutoa mbegu," akaniambia.

"Mzee, miti yake tusimpe mtu kwanza," nikamjibu, naye akakubali, ingawa watu wawili walikuwa wameshamwomba.

Shina lile limenifikirisha. Tunapochagua vijiti kwa kuangalia majani tu, huenda tunavipendelea virusi vinavyojificha juu na kuharibu chini, kwa kuwa vile vinavyojionyesha kwenye majani vinang'olewa mapema. Ni dhana ambayo shamba langu haliwezi kuithibitisha, kwa sababu macho hayatofautishi CBSV na UCBSV. Kazi hiyo ni ya maabara. Hata hivyo inatosha kubadilisha utaratibu wangu: kuanzia sasa hakuna shina litakalotoa mbegu kabla mizizi yake haijakatwa na kukaguliwa.

Oktoba, kabla ya vuli

Nimekata vijiti vya Kaleso kutoka mashina ambayo mizizi yake ilikuwa safi na pia kutoka machache yaliyokuwa na madoa. Virusi hivi havienei sawasawa katika kila sehemu ya mti, na vijiti vingine vya mti mgonjwa huchipua vikiwa vizima, hasa kwa aina inayohimili kama hii. Kwa hiyo kila shina nimeligawa katika sehemu ya juu, ya kati na ya chini, nikafunga kila fungu kwa kamba ya rangi yake, na nitayapanda kwenye matuta yaliyo mbali na Kibandameno mara mvua itakapoanza.