Jinsi tulivyoiingiza shule yetu ya Rosenwald katika Orodha ya Taifa

Kati ya barua zote zilizoandikwa kuhusu pendekezo letu la kuiingiza shule ya zamani katika Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria ya Marekani, iliyotufaa zaidi ni ile iliyotukosoa. Ilikuwa ya kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono na mstaafu aliyesoma katika shule hiyo tangu darasa la kwanza hadi la sita, na ilifika wiki mbili kabla ya kikao cha bodi ya jimbo inayopima mapendekezo kama hayo, wakati ambapo mimi nilikuwa nimekwisha kujipongeza kimoyomoyo. Nitaieleza kwa kirefu, lakini haitaeleweka bila kwanza kulifahamu jengo lenyewe.

Ni jengo la mbao lenye madarasa mawili, limesimama nyuma ya kanisa ambalo nilijiunga nalo nilipohamia katika jimbo mojawapo la kusini. Kanisa lililinunua baada ya shule kufungwa mwaka 1956, likalitumia kama ukumbi wa chakula, kisha kama ghala la viti vibovu. Wazee walipoanza kuzungumzia kulihifadhi, kazi ya kuandika nilipewa mimi, si kwa ujuzi wowote wa historia, bali kwa sababu nimezoea kuandika ripoti kazini na sikuwa na watoto wadogo wa kulelewa jioni.

Jengo hilo ni moja kati ya zaidi ya 5,300, yakiwemo shule, nyumba za walimu na karakana, yaliyojengwa kwa ajili ya watoto Weusi katika majimbo 15 ya kusini kati ya mwaka 1912 na 1932. Wazo lilianzia kwa Booker T. Washington, mwalimu Mweusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee, na sehemu ya fedha ilitoka kwa Julius Rosenwald, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya rejareja ya Sears, Roebuck. Hata hivyo, Rosenwald hakujenga shule na kuikabidhi. Alitoa sehemu tu ya gharama, kwa sharti kwamba serikali ya eneo iikubali shule kuwa yake na wakazi wenyewe wachangie kwa fedha, mbao, ardhi au nguvu zao. Hesabu za mradi mzima zinaonyesha kwamba Wamarekani Weusi walitoa takriban dola milioni 4.7, nao mfuko wa Rosenwald ukatoa takriban milioni 4.3. Watu hao walikuwa wakilipa kodi kama wengine, kodi iliyozinufaisha zaidi shule ambazo watoto wao hawakuruhusiwa kuingia, na bado walichanga mara ya pili. Kila nilipochoka na fomu, niliirudia hesabu hiyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba hadithi hiyo ingetosha. Rasimu yangu ya mwanzo, niliyoituma kwa ofisi ya jimbo ya uhifadhi wa historia, ilieleza kurasa tisa za ubaguzi, juhudi na fahari, na aya moja tu ya jengo. Ilirudishwa na maelezo ya upole yaliyokuwa na swali moja: je, msomaji ambaye hajawahi kufika hapo atajuaje kwamba jengo lililopo leo ndilo lile? Fomu ina sehemu mbili zenye uzito, ya saba na ya nane. Ya nane inauliza kwa nini mahali hapo pana umuhimu. Ya saba inataka maelezo ya kile kinachoonekana, kuanzia msingi hadi paa, pamoja na kila kilichobadilishwa. Wanaoanza huipenda ya nane na kuidharau ya saba. Maombi mengi, nadhani, huzama kwenye ya saba.

Vigezo vya kuingizwa orodhani ni vinne: uhusiano na matukio au mikondo ya historia, uhusiano na mtu mashuhuri, ubora wa usanifu au ujenzi, na uwezo wa kutoa maarifa, ambao kwa kawaida ni wa maeneo ya akiolojia. Kimoja kinatosha. Sisi tulichagua cha kwanza na cha tatu. Kwa kuwa mmiliki ni kanisa, tulilazimika pia kueleza kwamba umuhimu wa jengo unatokana na historia ya elimu na usanifu wake, wala si na dini, kwani mali ya taasisi ya dini huwa haiingizwi orodhani bila ufafanuzi huo. Zaidi ya vigezo, jengo hupimwa kwa mambo saba yanayoonyesha kama limebaki na uhalisi wake: mahali lilipo, muundo, mazingira, vifaa, ufundi, hisia na uhusiano wake na historia inayodaiwa.

Hapo ndipo madirisha yalipotuokoa. Ramani za shule za Rosenwald zilichorwa kwa vijiji visivyokuwa na umeme, kwa hiyo zilisisitiza madirisha marefu yaliyopangwa kwa safu upande mmoja, yakielekea mashariki au magharibi, na madawati yakipangwa ili mwanga umfikie mtoto kutoka kushoto, mkono wake wa kuandikia usitie kivuli kwenye karatasi. Madirisha yetu yalikuwa yamezibwa kwa plaiwudi kwa miaka mingi. Jumamosi moja, kwa ruhusa ya baraza la wadhamini wa kanisa, tuling'oa vipande vitano. Chini yake fremu za mbao zilikuwepo zote, vioo vingi vimevunjika, na rangi ya kijani iliyofifia bado iko kwenye kona ambazo jua halikuzifikia. Mama mmoja mzee aliyesoma hapo aliingia, akasimama mahali ambapo dawati lake lilikuwa, akanyoosha mkono wa kulia kama anayeandika. Hakuwa na haja ya kunieleza chochote. Kivuli cha mkono wake kilianguka sakafuni upande wa kulia.

Tarehe ya ujenzi ilinisumbua kidogo. Wazee walisema 1925, jiwe lililopo kanisani halisemi kitu, na hati ya kiwanja ni ya mapema zaidi. Chuo Kikuu cha Fisk huko Nashville kimehifadhi kadi za mfuko wa Rosenwald, na yetu tuliipata: jina la shule, idadi ya walimu, ukubwa wa kiwanja, na mgawanyo wa gharama kati ya Weusi, Wazungu, kodi ya umma na mfuko. Lakini kadi hutaja mwaka wa bajeti, ambao hupita katikati ya miaka miwili ya kalenda. Ndiyo maana tuliandika 1926 kwa kutumia kumbukumbu za kikao cha bodi ya elimu ya eneo letu zilizotaja kupokelewa kwa jengo, tukaeleza pia tofauti hiyo badala ya kuificha.

Kabla ya kutuma rasimu ya pili tulipaswa kuwaridhisha wamiliki, na kikao cha wadhamini kilikuwa kigumu kuliko chochote kilichofuata. Hofu yao ilikuwa moja: kwamba serikali ya shirikisho ingewaamulia rangi ya mlango. Niliwaeleza, nikiwa na maandishi ya sheria mkononi, kwamba kuingizwa katika Orodha ya Taifa hakumzuii mmiliki binafsi anayetumia fedha zake mwenyewe kufanya atakavyo na mali yake, hata kuibomoa. Masharti makali, pale yanapokuwepo, hutokana na sheria za miji. Sheria ya mwaka 1966, iliyopitishwa wakati kumbukumbu za kubomolewa kwa Penn Station, kituo cha treni cha New York, zikiwa bado mbichi, inataka mashirika ya shirikisho yazingatie athari za miradi yao kwa maeneo ya kihistoria. Haimfungi muumini mwenye nyundo. Niliwaambia pia lisilopendeza: nafuu ya kodi ya asilimia 20 kwa ukarabati ni ya majengo ya kuingiza kipato, hivyo haikutuhusu, na ruzuku huombwa, hazigawiwi. Mdhamini mmoja alisema afadhali nimeyasema hayo mwenyewe. Kisheria mmiliki binafsi akipinga kwa maandishi yaliyothibitishwa kwa kiapo, mali yake haiingizwi orodhani, kwa hiyo bila wao hakukuwa na safari.

Ofisi ya jimbo hupeleka taarifa kwa mmiliki na kwa viongozi wa eneo kati ya siku 30 na 75 kabla ya bodi kukutana, na hapo ndipo umma unapoanza kusikika. Sisi hatukutaka taarifa ile iishie kwenye kabati la mtu. Tuliweka nakala ya pendekezo zima katika maktaba ya umma, tukatangaza kanisani na katika makanisa mengine mawili, na tukawaomba watu waandike. Barua kumi za kwanza zilifanana: tunalipenda jengo hili, ni sehemu yetu, tafadhali lihifadhiwe. Zilikuwa za kweli, lakini bodi haihesabu mapenzi kama kura. Basi tukabadilisha ombi. Tuliwauliza watu: Ulikaa wapi? Jiko la kuni lilikuwa upande gani? Nani alileta kuni? Mlango ulifungukia wapi? Maoni yaliyofuata yalikuwa tofauti kabisa. Mmoja alichora mahali pa kisima. Mwingine alikumbuka mikutano ya usiku ya wakulima, wakati ambapo kiambaza cha kukunjwa kilichotenganisha madarasa mawili kilifunguliwa na shule nzima ikawa ukumbi mmoja.

Kulikuwa na barua moja ya kupinga, kutoka kwa mkazi aliyehofia kwamba barabara haitapanuliwa. Tuliijibu kwa aya mbili na ikaisha.

Ndipo ikaja ile ya mstaafu. Katika sehemu ya saba nilikuwa nimeandika kwa majigambo kwamba kiambaza cha mbao kati ya madarasa ni kile kile cha mwaka 1926. Yeye akaandika kwamba sivyo: majira ya baridi ya 1948 bomba la jiko lilipata moto, kiambaza kikaungua, na baba yake pamoja na wanaume wengine wanne wakakijenga upya kwa mbao walizochanga, wakifanya kazi usiku kwa mwanga wa taa za chemli ili masomo yasisimame. Aliniomba radhi kwa kunisahihisha. Nilikwenda jioni hiyo hiyo na tochi na ngazi. Juu ya dari, kwenye maboriti, mbao zilikuwa nyeusi za moshi kwa upana wa hatua mbili hivi, na misumari ya kiambaza haikufanana hata kidogo na ya sakafu. Nilikuwa nimepita chini ya maboriti hayo mara nyingi bila kuinua kichwa.

Nilidhani tumeharibikiwa. Mtaalamu wa ofisi ya jimbo, nilipompigia simu, karibu acheke. Kipindi cha umuhimu tulichokitaja kilikuwa 1926 hadi 1956, na mabadiliko yaliyofanyika ndani ya kipindi hicho, na watu wale wale ambao historia yao ndiyo tunayoidai, ni sehemu ya umuhimu wenyewe. Kiambaza cha 1948 hakikupunguza uhalisi; kilithibitisha kwamba jamii iliendelea kuibeba shule hiyo miaka ishirini na zaidi baada ya mchango wa kwanza. Ambacho kingetudhuru ni sentensi yangu ya uongo, kama mjumbe wa bodi angeigundua kabla yetu. Tuliandika upya aya nne na kuongeza picha ya maboriti yaliyoungua.

Bodi, yenye wanahistoria, wasanifu majengo na wanaakiolojia, ilitujadili kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Karibu maswali yote yalihusu kiambaza. Ilipopitisha, ofisi ya jimbo ilipeleka jalada Washington, kwa Mtunza wa Orodha ya Taifa katika Idara ya Hifadhi za Taifa. Huko pendekezo hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali ya shirikisho, likiwa mstari mmoja tu wa jina na anwani chini ya jina la jimbo, na umma hupewa siku 15 za kutoa maoni. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 45 tangu jalada kupokelewa. Hatukusukuma watu waandike tena. Kila lililokuwa na uzito lilikuwa tayari ndani ya jalada.

Barua pepe ya ofisi ya jimbo ilifika asubuhi ya siku ya kazi: jengo limeingizwa. Nilichapisha sehemu ya saba yote nikampelekea yule mstaafu nyumbani kwake. Alivaa miwani, akaruka moja kwa moja hadi kwenye aya za kiambaza, akasoma taratibu huku kidole kikifuata mistari, akageuza ukurasa, akaurudia tena. Kisha akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "mbona hukuandika habari za kengele?"