Tone la Chumvi kwenye Lenzi

“Asalaam aleikum, mjomba. Jumamosi naruka na mteja, nataka uniwekee kamera hii sawa.” Hayo ndiyo aliyoniambia mpwa wangu jioni moja ya Desemba mwaka 2014, alipoingia dukani kwangu Kibokoni, Mombasa, na kuiweka helmeti mezani, kando ya video za harusi nilizokuwa nikizihariri. Alikuwa ameshapita miruko 200 ya mwavuli kutoka kwenye ndege, idadi ambayo warukaji wengi huishika kama kanuni kabla ya mtu kuruhusiwa kubeba kamera kichwani, na kazi ya kuwapiga picha wageni wanaoruka na waalimu wao kule Diani ndiyo kwanza ilikuwa imemfungukia.

Nilikuwa nimepiga video za harusi kwa miaka mingi, na harusi ilinizoesha kuiachia kamera iamue mengi yenyewe, kwa sababu bibi harusi akitoka juani na kuingia ukumbini hakuna anayekungoja ubonyeze vitufe. Angani mambo ni kinyume. Mpiga picha hawezi kugusa chochote, kwa kuwa mikono yake ndiyo mabawa ya kumsogeza karibu na mteja na kumtenga naye, na ukiruka kutoka futi 12,000, muda wote kabla ya mwavuli wa mteja kufunguka ni takriban sekunde 40. Kila ambacho kamera haikuamriwa ardhini, itajiamulia huko juu.

Tulianza na lenzi. Alikuwa amenunua lenzi pana ya ziada ya kipimo cha 0.5, ile inayofungwa kwa skrubu mbele ya lenzi ya kamera, nayo hukaribia kuongeza maradufu upana wa kinachoonekana. Faida yake ni kwamba mteja hatoki kwa urahisi nje ya fremu hata shingo ya mpiga picha ikiyumba. Gharama yake ni kwamba mtu aliye umbali wa mita mbili huonekana kana kwamba yuko mita nne, kwa hiyo mpwa wangu angelazimika kuruka karibu zaidi kuliko alivyodhani. Nilipoirudisha zumu hadi mwisho wa upana wake, kivuli cheusi cha ukingo wa lenzi kilijitokeza katika pembe nne za picha. Niliisogeza zumu kidogo sana, unene wa ukucha tu, kivuli kikatoweka, kisha nikakibandika kitufe chake kwa plasta ili upepo usikiguse.

Kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera hupokea mwanga kwa kila picha, ilituchukua usiku mzima wa mazungumzo. Yeye aliamini kwamba kwa kuwa anaanguka kwa takriban kilomita 190 kwa saa, picha itafifia kwa sababu ya mwendo huo. Nilimweleza kwamba mteja naye anaanguka kwa mwendo uleule, hivyo mbele ya kamera ni kama mtu aliyesimama. Kinachoiharibu picha ni upepo unaoitikisa helmeti mara nyingi katika kila sekunde. Kesho yake asubuhi tulitoka na gari la rafiki yake hadi barabara ya Mtwapa, nami nikaitoa helmeti dirishani huku nimeishika kwa mikono miwili. Kwa shata ya 1/50, ambayo ndiyo ya kawaida katika video ya fremu 25 kwa sekunde, mistari ya barabara ilipakana kama rangi mbichi iliyopitiwa kidole. Kwa 1/1000 kila kitu kilikuwa kikali, lakini minazi ya kando ya barabara ilipita kwa kurukaruka, na macho yalichoka kuitazama. Tukakubaliana na 1/500.

Safari ile ya Mtwapa ilitufundisha pia kukizima kizuia mtikisiko. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa mkono wa binadamu unaotetemeka polepole, na mtikisiko wa upepo ni wa kasi kuliko kinavyoweza kufuata. Kikiwa kimewashwa, picha iliyumba kama uji ndani ya bakuli linalobebwa. Rangi nyeupe, yaani kipimo kinachoiambia kamera nyeupe ni ipi, niliifunga kwenye alama ya jua, ili bahari isigeuke kijani na anga isigeuke zambarau kamera ikihama kutoka moja hadi nyingine. Kwa mwanga, nilinyoosha kiganja changu juani nje ya duka, nikakijaza kwenye fremu, nikarekebisha mpaka mistari ya mkono ikaonekana vizuri, kisha nikafunga hapohapo. Kamera ikiachiwa, huliona anga jeupe na kujifunga, na uso wa mteja hugeuka kivuli. Kwangu mimi uso una thamani kuliko wingu, maana mteja halipii wingu. Ndani ya ndege picha zingekuwa giza, lakini mwalimu anayeruka na mteja alikuwa na kamera yake ndogo mkononi kwa ajili ya sehemu hiyo.

Kitu kimoja nilikiacha: fokasi, yaani umbali ambao kamera huulenga ili kitu kionekane kikali. Niliona kwamba lenzi pana huonyesha karibu kila kitu kwa ukali, basi nikaiacha ijilenge yenyewe.

Jumamosi tulivuka kivuko cha Likoni mapema. Mpwa wangu aliomba ajaribu kamera, akavaa helmeti na kusimama kwenye ukingo wa feri, akiupiga picha mlango wa bandari huku upepo wa kaskazi wa asubuhi ukimrushia manyunyu usoni. Sikulifikiria hilo tena.

Saa nne walikuwa wameshatua ufukweni, na tukaketi chini ya mvinje kutazama. Ndege ilikuwa giza kama tulivyotarajia, mlango ukafunguka, nao wakatoka. Katikati ya picha, kali kabisa, lilikaa tone lililokauka, lenye ukingo mweupe wa chumvi na chembe zinazometameta. Nyuma yake wanadamu wawili walikuwa madoa ya rangi ya machungwa. Kamera ilikuwa imelenga kioo cha mbele cha lenzi pana, kwa sababu lenzi ya namna hiyo huona karibu kiasi kwamba uchafu ulio juu yake wenyewe huweza kuwa kitu cha kulengwa. Mteja alikuwa mama mmoja aliyeruka siku ya kuzaliwa kwake. Nilimwendea mwenyewe, nikamweleza kosa lilikuwa langu, na mwalimu wake akakubali waruke tena mchana.

Nilikifuta kioo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwanza, maana chumvi kavu ikisuguliwa hukwaruza, kisha kwa kikavu. Namba za umbali zinazoonyeshwa na kamera hazisemi kweli tena lenzi ya ziada ikishafungwa, hivyo nilimsimamisha mpwa wangu hatua tatu mbele yangu, nikalenga kwa jicho kope zake, nikahakikisha kwamba mivinje iliyo nyuma yake nayo ni mikali, ndipo nikaifunga fokasi kwa mkono. Lenzi niliivua na kuifunga upya ndani ya ofisi yenye kiyoyozi. Hewa ya Pwani imejaa unyevu, na juu kule huwa na baridi inayozidi ya chini kwa nyuzi 20 hivi. Hewa ya nje ikinaswa kati ya vioo viwili, huweza kugeuka ukungu ambao hakuna kitambaa kinachoufikia.

Mchana tulitazama tena. Yule mama alikuwa amefumba macho sekunde chache za mwanzo, akayafumbua, akamwona mpwa wangu umbali wa mita moja na nusu na kumnyooshea mkono. Hereni zake zilionekana zikipigwa na upepo. Chini yao mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba ulikuwa umepinda kidogo, kama lenzi pana inavyoipinda mistari, na bahari ng'ambo yake ilikuwa ya buluu niliyoifahamu.

“Mjomba,” mpwa wangu alisema, “zile namba niandikie.” Nilikata kipande cha plasta, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: 1/500, jua, kiganja, kope. Alikibandika ndani ya helmeti, juu ya sikio la kushoto.